Njaa ya Januari inaanzia Julai

Jumapili tulikuwa na mkutano wa kikundi na nusu ya wanachama hawakuwepo, wengine msibani, wengine wanavuna, wengine mpo Dodoma mjini na Dar huko mnatuma tu hela ya hisa. Tangu juzi mnaniandikia mkitaka kujua nilisema nini juu ya kuhifadhi mahindi mpaka watu wakachelewa kwenda kula. Basi nimeandika yote kama nilivyoongea, nimeondoa kikohozi changu tu.

Mbukwenyi! ... Mbukwenyi tena, nyie wa chini ya mwembe sijawasikia.

Mwenyekiti wetu, mama mweka hazina, wazee wangu, na nyie vijana mliopaki bodaboda hapo mlangoni mkidhani ntaongea dakika tano, shikamooni wanaostahili na wengine habari zenu. Mimi mnanijua. Nimekuwa bwana shamba miaka mingi, sasa nimestaafu nina ekari zangu nne kama nyie, na niseme ukweli kustaafu ndo kumenifundisha kilimo, maana ukiwa na mshahara hata ukimshauri mtu vibaya mwisho wa mwezi wewe unakula tu.

Kabla sijaanza naomba zile chupa mbili. Hii ina mahindi ya mwenyekiti, kaleta mwenyewe asubuhi. Hii ina mahindi yangu. Chupa zote ni kavu kabisa, nimetia mahindi mpaka robo, juu yake chumvi vijiko viwili, chumvi kavu sio ile iliyokaa karibu na sufuria. Kijana njoo utikise. Tikisa, tikisa, usiogope. Hesabuni nae mpaka sitini. Haya, ziweke hapo mezani na mtu asiziguse, tutazirudia.

Sasa niwaulize. Nani hapa aliuza mahindi mwezi wa saba mwaka jana? Nyoosheni mikono, hamna polisi hapa. Sawa. Shusheni. Nani alinunua mahindi au unga mwezi wa kwanza? ... Mmeona? Mikono ile ile! Mama pale hata hakushusha, kaiacha juu kabisa.

Tupige hesabu ya vidole. Tuseme uliuza debe elfu saba mwezi wa saba, mwezi wa kwanza ukanunua debe hilo hilo kwa elfu kumi na tano, na usikute ni mahindi yale yale yaliyotoka kwako yamezunguka na Fuso yamerudi. Maana yake nini? Maana yake ulimkopesha mfanyabiashara mahindi yako miezi sita, na alipoyarudisha ukamlipa riba wewe. Nyie mnaoendesha VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, nijibuni, mmeshawahi kuona mkopo ambao aliyekopesha ndo analipa riba? Halafu tunakaa tunasema mwaka huu mvua ilikuwa mbaya. Mvua gani? Mwaka jana mvua ilikuwa nzuri na mikono mmeiona wenyewe.

Njaa yetu nyingi haianzii shambani. Inaanzia stoo. Nasema tena kwa wale wanaochat huko nyuma, inaanzia stoo! Na hapo ndo mahali ambapo kila anayekuja kutusaidia hapaangalii.

Wazee mtanisaidia hapa. Hii wilaya yetu ya Kongwa imeshawahi kupata mradi mkubwa wa kilimo kuliko hata hiyo mnayoisikia redioni. Mwaka 1947 Mwingereza ndo katoka vitani, kwake mafuta ya kula ni ya kupimiana kwa kadi, akasema tukalime karanga Tanganyika. Ekari zaidi ya milioni tatu alipanga! Wakashusha matrekta ya jeshi yaliyobaki vitani, mengine yalikuwa vifaru kabisa, vile vya Sherman, vimegeuzwa kuwa matrekta. Wakafika hapa wakakutana na mbuyu. Sasa nyie mbuyu mnaujua, unausukuma na kifaru na wenyewe unakuangalia tu, halafu mle ndani kuna nyuki, na nyuki wakatoka, na Mzungu akakimbia akaacha mashine inaunguruma peke yake. Mnacheka lakini ndo ilivyokuwa. Wakapata mbuyu wakapata na udongo. Udongo wetu mvua ikikata unakuwa kama saruji, na karanga ziko chini, utazitoaje? Na mvua yenyewe ni mvua ya Ugogo, inakuja inapotaka. Januari 1951 wakatangaza basi, pauni milioni 36 zimekwenda, na mpaka leo inasimuliwa kwamba karanga walizoleta za mbegu zilikuwa nyingi kuliko walizovuna. (Baadae ndo kambi ya wapigania uhuru ikaja hapa Kongwa, hiyo hadithi ni tamu zaidi ila sio ya leo.)

Kwani hapakuwa na watu hapa mwaka 1947? Walikuwepo. Wazee wa mwaka ule walikuwa wameponea chupuchupu kwenye Mtunya. Vijana mnaijua Mtunya? Ulizeni nyumbani. Ni ile njaa ya baada ya vita ya kwanza, 1918 mpaka 1920 hivi. Na ilianzaje? Sio kwamba watu hawakulima. Jeshi la Mjerumani lilipita likakomba nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, likaja la Mwingereza nalo likakomba, vihenge vya kuwekea nafaka vikabaki vitupu, na mvua ilipokataa ikakuta hakuna akiba. Ukame Mgogo anaujua tangu enzi, alikuwa anaupigia hesabu kwa kihenge. Mwaka ule kihenge hakikuwa na kitu. Sasa fikiria mtu aliyepita hapo anakuja kuonyeshwa trekta. Wangemuuliza angewaambia, jamani hapa swali la kwanza sio unalima ekari ngapi, swali la kwanza unaweka wapi. Hawakumuuliza.

Na sisi wenyewe tulipojitawala tukafata njia ile ile. Hesabuni kaulimbiu. Siasa ni Kilimo, Iringa, 1972. Kilimo cha Kufa na Kupona, 1974 hiyo, nakumbuka tulipelekwa shamba la shule na majembe. Kilimo Kwanza, 2009. Zote kilimo kilimo kilimo! Ipo kaulimbiu ya ghala? Nenda Nane Nane utaona mahindi marefu kama nguzo za umeme na watu wanapigia picha, mimi miaka yote nimesimama kwenye yale mabanda sijaona foleni kwenye banda la kuhifadhi nafaka, hata kama wanagawa kofia. Wakubwa nao walikutana Malabo mwaka 2014, marais wa Afrika, wakasaini kwamba mpaka 2025 upotevu wa mazao baada ya kuvuna utakuwa umepungua nusu. 2025 ikafika, Januari wakakutana Kampala wakaandika azimio lingine la mpaka 2035. Sitaki kuwasema vibaya, mimi mwenyewe nimeandika ripoti nyingi za hivo.

Haya tuingie stoo sasa.

Mle ndani kuna maadui wawili, mmoja unamuona, mwingine humuoni. Unayemuona ni yule mdudu, Scania. Wataalamu wanamwita dumuzi, sisi tulimpa jina la lori kwa jinsi anavyosomba. Huyu sio wa kwetu, kwao ni Amerika ya Kati huko mahindi yenyewe yalikotoka, alionekana kwanza upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya sabini na toka hapo kasambaa Afrika. Wale wadudu wa zamani, fukusi, walikuwa wanakula kistaarabu. Huyu anatoboa mpaka mbao, anakula na makopa.

Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kukisema mkutanoni. Nikiwa kazini kuna bibi mmoja, sitamtaja, alivuna magunia saba, mwaka wake mzuri kuliko yote. Akanifata akaniuliza bwana shamba nifanyeje. Nikamwambia changanya na dawa ya unga. Nikamwelekeza mpaka duka. Akanunua, akachanganya vizuri nikiangalia mimi mwenyewe, nikasaini kitabu nikaondoka na pikipiki ya serikali. Mwezi wa kumi na moja akaniita. Nikashika gunia nilinyanyue, likanyanyuka kirahisi mno, nikashtuka, gunia la mahindi halinyanyuki hivo. Nikafungua nikaingiza mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, ni vumbi tu, unga, na vile vidudu vyeusi vinatembea juu ya saa yangu. Magunia yote saba. Dawa ilikuwa feki au imepitwa na wakati, mpaka leo sijui, mwenye duka akasema tulichanganya vibaya. Yule bibi hakunigombeza. Alisema tu "basi baba, Mungu atajua," akaenda kunitafutia kiti nikae. Kile kiti ndo kilichoniuma. Ripoti yangu ya mwezi ule mnajua niliandika nini? Mavuno mazuri, gunia saba kwa ekari mbili! Kwenye karatasi za serikali yale magunia saba mpaka leo yapo.

Huyo ni adui unayemuona. Asiyeonekana ni sumukuvu, sumu inayotoka kwenye kuvu la nafaka. Nani anakumbuka mwaka 2016? Kiangazi kile ulitokea huo ugonjwa uliokuwa unaitwa ugonjwa wa ajabu, Chemba, Kondoa, na Kiteto hapo ng'ambo. Tumbo linajaa, macho yanakuwa ya njano, mtu anatapika. Walipatikana wagonjwa 68, wakafa 20, na wengi ni watoto. Watu wakasema ni uchawi, wengine maji. Walipopima ikaonekana ni mahindi. Mahindi waliyolima wenyewe! Kenya waliyaona zaidi yetu, 2004, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakazikwa. Ni kuvu tu, ile ile unayoiona kwenye mahindi yaliyolazwa chini yana unyevu, ila sumu yake yenyewe haina rangi wala harufu, ukipika haifi, ukikoboa inapungua lakini haiishi. Na hapo kuna tabia moja naomba tuiache leo leo, ile ya kuchambua mahindi mabovu unasema haya ya kuku, na mengine haya ya pombe. Kuku unamla. Pombe, haya, nyie mnajua nani anaikunywa.

Sasa mtu ataniuliza, bwana shamba unatutisha tu, dawa iko wapi? Dawa ya kwanza ni jua na turubai. Basi. Mahindi yasiguse ardhi, kwenye kuanika, kwenye kupukuchua wala kwenye stoo, na gunia likae juu ya mbao mbali na ukuta. Hilo halihitaji mfadhili. Na tuache kupiga mahindi na magongo ndani ya gunia kama mwizi, ukipasua punje umemfungulia kuvu mlango.

Dawa ya pili ni ile mifuko, kinga njaa, wengi mmeiona, plastiki mbili ndani na kiroba nje. Hii ilibuniwa kwa wakulima wa kunde wa Kameruni miaka ya themanini, watu masikini kama sisi, na haina sumu hata tone. Inavyofanya kazi ni hivi, mdudu akiwa ndani anapumua, anapumua, hewa inaisha, akikosa hewa anaacha kula, na akiacha kula anakauka. Lakini! Kila plastiki uikunje na kuifunga peke yake, usikunje zote kwa pamoja kama unafunga mzigo wa mitumba. Usifungue fungue kuchungulia, kila ukifungua umempa Scania hewa. Panya umtafutie paka. Na mahindi yawe makavu, maana ukiweka mabichi kwenye mfuko usiopitisha hewa hujahifadhi, umepika. Mfuko mmoja unacheza kwenye elfu tano, na ukitunza unautumia misimu miwili mitatu. Debe moja likiliwa na Scania, thamani yake inapita hiyo hela.

Naona mama kule anatikisa kichwa. Sema mama. ... Anasema, "hayo yote tunayajua bwana shamba, tatizo ada." Mpigieni makofi jamani, huyu ndo kanipa nusu ya hotuba iliyobaki.

Ni kweli. Mtu hauzi Julai kwa sababu ni mjinga. Anauza kwa sababu Julai ndo anadaiwa. Anadaiwa mbolea, anadaiwa mashine ya kupukuchua, ana harusi, na wengine mahindi yalishauzwa yakiwa bado ya kijani shambani, kule Kagera kwenye kahawa wanaiita butura, sisi hatuna jina ila tunafanya. Na mnunuzi anajua. Anakuja na lumbesa lake, gunia lenye kilemba, debe saba anakulipa bei ya debe sita, sheria inasema gunia lisizidi kilo 100 na wewe sheria unaijua, lakini mtoto kafukuzwa shule, utabishana nae? Wakati soko la Kibaigwa liko hapo barabarani na mizani ipo! Lakini kufika Kibaigwa kunataka nauli ya mzigo, na nauli ndo hiyo hiyo huna.

Kwahiyo mfuko peke yake hautoshi. Mfuko unatunza mahindi, nani anatunza mwenye mahindi mpaka mwezi wa kwanza? Serikali ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, wazo lake ni zuri kabisa, unapeleka mzigo ghalani, unapewa karatasi, karatasi hiyo unaweza kukopea benki wakati unasubiri bei. Wenzetu wa korosho kule kusini wameitumia miaka mingi, wengine wanaisifu wengine wanalia kucheleweshewa malipo. Mimi mwenyewe kuna mwaka nilipeleka ufuta wangu ghalani, hela nikaipata ufuta wa msimu mwingine umeshaota. Kwahiyo siji hapa kuwaambia ni mbingu. Ila wazo lenyewe tunaweza kulifanya kidogo kidogo, hapa hapa, bila karatasi ya mtu.

Ndo pendekezo langu na mwenyekiti analijua. Kile chumba cha zamani cha kikundi kina paa zima. Kila mwanachama alete magunia mawili tu, sio yote, mawili, yakiwa yamepimwa kwenye mizani na kufungwa kwenye kinga njaa, jina juu. Papo hapo mfuko wetu wa VICOBA unamkopesha nusu ya bei ya siku hiyo, analipa ada, analipa mashine. Magunia hayaguswi mpaka Desemba. Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mama mweka hazina na mwingine kwa mtu asiyeelewana na mama mweka hazina. Mnacheka, mimi sicheki, nimeona maghala mawili ya vikundi yakifa na yote yalikuwa na kufuli moja.

Bei isipopanda je? Swali zuri, kijana. Inatokea. 2017 waliolima mbaazi hapa wanakumbuka, India ilipoweka kikomo cha kuingiza, aliyetunza akisubiri bei alisubiri mpaka zikamtoboka. Ila mbaazi tulikuwa tunamlimia Mhindi. Mahindi bei ikikataa tunasaga tunakula, na Januari hununui debe la elfu kumi na tano. Mimi hiyo hasara naikubali.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Kijana, lete chupa zetu. Zimekaa zaidi ya dakika kumi na tano, inatosha. Kanuni ni hivi, chumvi ikishuka yote chini ukuta wa chupa ukabaki safi, mahindi ni makavu, weka stoo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Chukua ya mwenyekiti, igeuze, waonyeshe. ... Safi! Imeshuka yote. Mpigieni makofi, au mpigieni mkewe, maana najua nani alianika.

Sasa yangu. Igeuze. ... Igeuze tena. Wape wa mbele waione vizuri.

Imeganda. Sawa. Imeganda yote, tazama ilivyo nyeupe. Haya chekeni, chekeni tu, bwana shamba mstaafu mahindi yake mabichi. Jana nilitaka kuyafunga kwenye mifuko jamani, magunia tisa, nimeyauma kwa meno yakalia "ka" nikasema tayari.

Jumamosi saa mbili asubuhi kwa mwenyekiti, kila mtu aje na chupa kavu, chumvi na mahindi yake kibaba kimoja. Mimi nitakuwepo nikimaliza kuanika.